Mtu wa Tatu

Kaka yangu alikuwa daladala. Kwa msomaji wa Dar es Salaam sentensi hiyo inaweza kuonekana imekosewa, lakini Shinyanga ya utoto wangu ndivyo tulivyosema. Daladala halikuwa basi. Ilikuwa baiskeli yenye mto wa sponji kwenye keria, na mwendeshaji wake aliitwa kwa jina hilohilo. Ukisimama kando ya barabara ukaita "Daladala!", waliogeuka walikuwa watu. Kaka aliitikia mwito huo kwa miaka kumi. Alianza nikiwa darasa la nne, akaacha nilipomaliza kidato cha sita.

Mwaka jana, mwezi wa tano, mama alinipigia simu usiku. Alizunguka kwanza, akauliza habari za kazi, za majirani, za mvua ya Dar, ndipo akasema kwamba goti la kaka limevimba tena na kwamba siku hizi akiinuka kwenye kigoda anashika ukuta. Nilipokata simu nilimtumia kaka shilingi 300,000. Sikuandika ujumbe. Baada ya dakika kumi fedha zilirudi zote, zikifuatiwa na maneno machache: "Nimeziona. Asante. Mimi sikukukopesha."

Nilikaa kitandani na simu mkononi. Kama angenitukana ningejua la kujibu.

Nikikosa usingizi huwa natazama filamu za zamani za mashindano ya baiskeli. Ni tabia niliyoianza chuo, na sijawahi kumweleza mtu, maana mimi mwenyewe siendeshi. Nilikulia kwenye keria, nikimshika kaka kiunoni, sare ya shule imekunjwa isiingie kwenye spoku. Kutoka pale nyuma niliijua vizuri sana migongo ya waendesha baiskeli, jasho linapoanzia na linapoishia, bega lipi linashuka mlima ukiwa mkali. Labda ndiyo sababu naweza kuwatazama watu wakinyonga pedeli kwa saa mbili bila kuchoka.

Usiku ule niliangukia Michezo ya Olimpiki ya London, 1948.

Vita vilikuwa vimekwisha miaka mitatu tu nyuma. Chakula Uingereza kilikuwa bado cha mgao, na wanamichezo walipewa kiasi sawa na wachimba makaa na wapakuzi wa bandarini, yaani cha watu wa kazi nzito. Hakuna uwanja mpya uliojengwa. Wanaume walilazwa kwenye kambi za jeshi, wanawake kwenye vyuo. Nchi 59 zilipeleka watu. Ujerumani na Japani hazikualikwa. Tanganyika, iliyokuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa na utawala wa Mwingereza, haikuwa na mtu. Tungeonekana kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza Tokyo, 1964. Wakenya walitutangulia, 1956. Kwa hiyo usimtafute babu yangu kwenye picha zile.

Hata hivyo nilimtafuta, kwa sababu ya baiskeli.

Babu alikuwa na Raleigh. Aliinunua miaka ya hamsini kwa fedha za pamba, na mpaka nakua ilikuwa bado imeegemezwa ukutani ndani ya chumba chake, si nje, kama mgeni wa heshima. Mbele, chini ya usukani, ilikuwa na nembo ya kichwa cha ndege mwenye shingo ndefu. Sisi watoto tulimwita korongo. Babu alitwambia korongo huyo anatoka Ulaya na kwamba ukimgusa na mikono michafu anaumwa. Nilipokuwa mkubwa nikajua kwamba baiskeli zile zilitengenezwa Nottingham, na kwamba mtu aliyeibeba sura ya kampuni hiyo kwenye matangazo ya miaka ya hamsini aliitwa Reg Harris. Sasa nilikuwa namwona, kijana, kabla hajawa tangazo.

Harris alikuwa mbio za kasi. Nasema alikuwa, kama nilivyosema kaka alikuwa daladala. Wakati wa vita alikuwa dereva wa kifaru Afrika ya Kaskazini, akajeruhiwa, jeshi likamwachisha kwa kuwa hafai tena kiafya. Mwaka 1947 akawa bingwa wa dunia wa mbio za kasi kwa waendeshaji wa ridhaa. Waingereza walikuwa na uhakika kwamba dhahabu ya 1948 ni yake. Lakini miezi michache kabla ya Michezo alipata ajali barabarani akavunjika pingili mbili za uti wa mgongo. Akapona haraka kuliko madaktari walivyotaka, akarudi uwanjani, akaanguka tena, safari hii akavunjika kiwiko.

Mashindano ya uwanjani yalifanyika Herne Hill, kusini mwa London, kwenye uwanja uliofunguliwa 1891. Ukitazama mbio za kasi za zamani kwa mara ya kwanza utadhani filamu imeharibika. Watu wawili wanaondoka polepole, wanakwenda kama wazee wanaotoka msikitini, wanatazamana, mmoja karibu asimame kabisa. Hakuna anayetaka kuongoza, kwa sababu anayeongoza anakata upepo kwa ajili ya mwenzake na hamwoni anachofanya. Halafu ghafla, kwenye kipande cha mwisho, wanalipuka. Mita 200 za mwisho ndizo zinazopimwa muda. Zilizobaki zote ni kutegana.

Harris alifika fainali akakutana na Mwitaliano, Mario Ghella. Akashindwa. Siku ya mwisho ya mashindano ya Herne Hill, yeye na Alan Bannister waliingia fainali ya baiskeli ya watu wawili, dhidi ya Waitaliano Ferdinando Teruzzi na Renato Perona. Ratiba ilikuwa imechelewa. Uwanja haukuwa na taa. Raundi iliyoamua mshindi ilikimbiwa giza likiwa limeingia, watu maelfu wakikodoa macho kutafuta vivuli viwili virefu vikipita kwenye saruji. Waitaliano walishinda kwa umbali mdogo sana. Harris akaenda nyumbani na fedha mbili, na nchi nzima ikamwonea huruma kwa dhahabu mbili alizokosa.

Nilisimamisha filamu hapo. Sikuwa nawaza kuhusu Harris. Nilikuwa nawaza kuhusu giza. Kaka alirudi nyumbani saa mbili usiku, saa tatu siku za gulio. Baiskeli yake haikuwa na dainamo. Ili asigongwe alipiga mluzi njia nzima, na mimi nikiwa nasoma kwa koroboi niliusikia mluzi kabla ya kusikia mnyororo. Mama alikuwa anaweka maji ya kuoga kwenye ndoo kwa kufuata mluzi ule. Kaka akifika alihesabu sarafu juu ya mkeka, anazitenga mafungu mawili, la unga na la ada. Kila siku fungu la ada lilikuwa upande wa kulia. Sikuwahi kumuuliza fungu lake yeye liko wapi.

Kesho yake jioni nilirudi kwenye 1948, kwa sababu nilikuwa sijafika kwenye mbio za barabarani.

Hizo zilifanyika Agosti 13, siku moja kabla ya kufunga Michezo, ndani ya hifadhi ya kifalme ya Windsor. Zilikuwa karibu kilomita 195, wakizunguka njia ileile, milima ileile, kwa zaidi ya saa tano. Wengi walioanza hawakumaliza. Mwishoni kabisa Mfaransa mmoja mfupi, José Beyaert, aliwachomoka wenzake akafika peke yake, sekunde chache mbele ya Mholanzi Gerrit Voorting na Mbelgiji Lode Wouters. Maisha ya Beyaert baada ya hapo ni riwaya. Alialikwa Colombia kwenye ufunguzi wa uwanja wa baiskeli, akabaki huko kwa miaka mingi, akashinda mbio kuu za nchi hiyo mwaka 1952. Ukisoma habari za mbio za Windsor, karibu kila sentensi ni yake.

Lakini siku ile kulikuwa na dhahabu ya pili, na hiyo haikuonekana kwa macho.

Utaratibu ulikuwa hivi. Kila nchi iliruhusiwa kupeleka waendeshaji wanne. Mbio zikiisha, waamuzi walichukua muda wa watatu wa kwanza wa kila nchi wakaujumlisha. Nchi yenye jumla ndogo kuliko zote ilipata medali ya timu. Hakukuwa na mbio nyingine. Hakuna utepe uliokatwa wala kifua kilichotangulia. Ushindi huo ulitokea kwenye karatasi, mezani, kwa kalamu.

Wouters alikuwa wa tatu. Mbelgiji mwenzake, Leon De Lathouwer, alikuwa wa nne. Na mwingine, Eugène Van Roosbroeck, alifika wa tisa. Hebu fikiria kuwa wa tisa. Mshindi ameshanyanyuliwa juu, wapiga picha wameshageuza migongo, wewe unaingia na vumbi lako, unateremka, unatafuta maji. Wafaransa walikuwa na mshindi, lakini hawakuwa na mtu wa tatu aliyefika mapema vya kutosha. Wakapata shaba ya timu. Waingereza walipata fedha. Wabelgiji, ambao hawakuwa na mshindi, walikuwa na jumla ndogo kuliko wote, kwa sababu ya mtu aliyefika wa tisa.

Na hawakujua. Hesabu ilipokamilika walikuwa wameshaondoka. Walirudi kwao wakidhani wameshindwa, na medali zao hazikuwafuata. Van Roosbroeck aliishika dhahabu yake zaidi ya miaka sitini baadaye, akiwa mzee aliyepita umri wa miaka themanini.

Niliwasha taa. Nilikuwa nimekumbuka mahafali.

Jambo hili sijawahi kuliandika, na wakati naliandika sasa mikono inataka kufuta. Chuo kilitoa kadi mbili za wageni kwa kila mhitimu. Kutoka Shinyanga walikuja watu watatu: mama, mjomba na kaka. Mjomba alikuwa mtu wa ofisi. Aliuza ng'ombe mmoja nilipoingia kidato cha kwanza, na ng'ombe huyo alitajwa kwenye kila kikao cha ukoo kuanzia siku hiyo. Kaka alikuja kumsindikiza mama, kwa sababu mama alikuwa hajawahi kufika Dar. Alivaa shati jeupe alilolipiga pasi mwenyewe kwa mkaa, na kandambili za ngozi ya tairi.

Kadi zilikuwa mbili. Nilimpa mama moja. Ya pili nilimpa mjomba.

Hakuna aliyenilazimisha. Nilijiambia kwamba mjomba ni mkubwa, kwamba atakasirika, kwamba kaka ataelewa. Hayo yote ni kweli. Ni kweli pia kwamba kulikuwa na picha zitakazopigwa, na wenzangu, na wazazi wa wenzangu, na nilitazama zile kandambili. Kaka alinitoa kwenye tabu ya kumweleza. Usiku wa kuamkia sherehe alisema, "Mimi nitaondoka na basi la saa kumi na mbili asubuhi. Nikibaki nitalipa gesti siku nyingine bure." Alfajiri nilimsikia akifunga begi. Nilijifanya nimelala. Saa nne, wakati jina langu linasomwa na mama anapiga vigelegele, yeye alikuwa njiani kuelekea Morogoro.

Picha ipo kwa mama, ukutani, ndani ya fremu ya bluu. Mimi nimevaa joho, mama kanishika mkono, mjomba yuko katikati.

Wabelgiji angalau waliondoka kwa sababu hawakujua. Kaka aliondoka kwa sababu mimi nilijua.

Mwezi wa nane nilichukua likizo nikaenda nyumbani. Pikipiki zilikuwa zimeua daladala za baiskeli zamani, zilianza moja moja mwaka ule niliomaliza kidato cha sita, na baada ya miaka michache abiria hakuwa tena na sababu ya kukaa kwenye keria. Waliokuwa na akiba walinunua pikipiki. Akiba ya kaka ilikuwa mimi. Sasa ni fundi baiskeli, chini ya mwarobaini karibu na soko, ana beseni la maji la kutafutia pancha, pampu, na boksi la vipuri alivyovitoa kwenye baiskeli zilizokufa.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, msomi. Kaa hapo, usikae hapo, hapo pana grisi."

Alikuwa na tairi mapajani. Goti la kushoto lilikuwa limenyooshwa mbele juu ya tofali, limefungwa kitambaa. Sikulitaja. Tuliongea habari za mama, za mpunga, za fundi mwenzake aliyehamia Kahama. Alipochovya mpira kwenye beseni na mapovu yakatoka, alikandamiza kidole pale pale, akapaona, akaendelea kuongea. Nikaona ndiyo nafasi.

Nilimsimulia kuhusu Windsor. Nilikuwa nimeandika majina na nafasi kwenye karatasi, kama mtu anayekwenda kutetea hoja mbele ya jopo. Nilimweleza milima, saa tano, Mfaransa aliyechomoka. Hapo aliinua kichwa. "Alichomokea wapi? Mlimani au tambarare?" Nikasema karibu na mwisho kabisa. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Huyo alikuwa anawahesabu. Ukichomoka mapema unawapa muda wa kupatana."

Kisha nikamweleza hesabu ya timu. Nikamwonyesha wa tatu, wa nne, wa tisa. Nikamwambia yule wa tisa ndiye aliyewapa dhahabu, na kwamba alikwenda nyumbani bila kujua, na ilimfikia uzeeni. Sauti yangu ilikuwa inatetemeka kidogo, na yeye alikuwa anapaka gundi.

"Kaka," nikasema, "kile cheti kilichoko kwa mama. Kimeandikwa jina langu, lakini ni cha hesabu ya namna ile. Wewe ndiye wa tisa. Na mimi siku ile nilikuwa na kadi..."

"Wewe ulikuwa na kadi mbili," akasema. "Mimi nilijua kuhesabu mpaka mbili, mdogo wangu. Usilie sokoni, watu watadhani nimekupiga bei."

Tukanyamaza. Alipuliza gundi ikauke. Mtoto mmoja alileta baiskeli isiyo na upepo, kaka akamwonyesha pampu kwa kidevu, ajaze mwenyewe.

"Umesema kila nchi ilikuwa na watu wanne," akasema.

"Ndiyo, wanne."

"Wakahesabu watatu."

"Watatu wa kwanza."

"Na yule wa nne?"

"Hahesabiwi. Muda wake hauingii."

Aliweka kiraka, akakigonga kwa nyundo ndogo, taratibu, kuanzia katikati kwenda kingo.

"Basi waliotunga hesabu hiyo walikuwa wamekaa kitini," akasema. "Sisi tukienda Old Shinyanga kiangazi, upepo unatoka mbele, tulikuwa tunapangana. Mmoja anakaa mbele anapigwa na upepo, wengine wanajificha nyuma yake. Akichoka anapisha. Sasa yule aliyekaa mbele muda mrefu, ndiye anayefika wa mwisho. Mjini watu wanasema, aa, fulani leo hana nguvu. Wanaona aliyefika. Hawaoni aliyevuta." Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu nianze hadithi. "Ile Phoenix yangu ya kwanza, unajua aliinunua nani?"

Nilisema ng'ombe wa mjomba.

Akacheka mpaka yule mtoto wa pampu akageuka. "Ng'ombe wa mjomba alilipa ada yako ya muhula mmoja. Akaisha. Baiskeli aliinunua dada."

Sisi tuko watatu kwa mama, na katika maelezo haya yote nimewataja wawili. Ukirudi juu utaona. Dada ndiye mkubwa. Alimaliza darasa la saba mwaka aliofariki baba, na mwezi uliofuata alipelekwa Mwanza kufanya kazi za ndani kwa watu. Mimi nilikuwa mdogo. Nakumbuka sanduku la bati na kwamba sikulala vizuri kwa sababu nafasi yake kitandani ilikuwa baridi. Baadaye akaolewa Kahama. Katika kichwa changu, dada ni mtu aliyeondoka.

"Mshahara wake ulikuwa shilingi 8,000 kwa mwezi," kaka akasema. "Hakuuchukua. Alimwambia mama mwenye nyumba amtunzie. Miezi kumi. Siku moja akaja na basi, hajala njiani, akampa mama fedha zote zikiwa kwenye soksi. Akasema, huyu mvulana hawezi kurudi shule, sawa, lakini yule mdogo asikae nyumbani kama mimi. Mtafutieni huyu baiskeli. Akalala usiku mmoja, asubuhi akarudi Mwanza. Mimi nilipata baiskeli. Wewe ukapata shule. Yeye alipata nini?"

Nilitazama karatasi yangu. Wa tatu, wa nne, wa tisa. Nilikuwa nimeiandika vizuri, kwa wino, nikaipigia mstari chini. Nilikuja na dhahabu mkononi nimvike mtu, na nilikuwa tayari kulia kwa wema wangu, na hesabu yangu ilikuwa na kasoro ileile ya waliokaa kitini.

"Zile hela ulizonitumia," kaka akasema. "Sikuzirudisha kwa kiburi. Ulizituma kama mtu anayelipa bili ya umeme. Hukuandika hata salamu."

"Nilikuwa sijui niandike nini."

"Ungeandika shikamoo."

Kaka alirudisha mpira ndani ya tairi, akapitisha vidole gumba viwili kuzunguka ukingo, akaipa pampu mara chache, akaidundisha chini. Ikadunda. Nikamuuliza kuhusu goti. Akasema goti litasubiri zamu yake, nipeleke Kahama kwanza. Nikasema hapana, kesho tunakwenda hospitali, na Kahama nitapeleka pia. Tulibishana kama watu wa familia moja wanavyobishana, bila kusikilizana, mpaka yule mtoto akauliza bei ya upepo na kaka akamwambia upepo ni wa Mungu, alipe pampu tu.

Hospitali tulikwenda. Daktari alisema ni gegedu, limelika, na alimuuliza kaka amefanya kazi gani. Kaka akasema alikuwa dereva. Nilimtazama. Akakonyeza.

Kuna mtu mmoja zaidi wa London ya 1948 ambaye sijamtaja. Tommy Godwin, fundi umeme wa kiwanda huko Birmingham, alipata shaba mbili Herne Hill, moja kwenye kilomita moja dhidi ya saa, nyingine kwenye mbio za timu za kufukuzana. Katika mbio hizo za timu watu wanne wanakwenda kwa mstari mmoja, na kila baada ya kipande aliyeko mbele anapanda juu ya kona, anawaachia wenzake wapite, kisha anateremka na kushika mkia. Upepo unagawanywa kwa zamu. Nimetazama watu wakifanya hivyo mara nyingi tangu nirudi Dar. Anayetoka mbele hafukuzwi wala hajashindwa. Anashika nafasi yake nyuma, na wenzake wanajua yuko pale kwa sauti ya mnyororo wake. Godwin aliishi mpaka akaubeba mwenge wa Olimpiki 2012, ana miaka 91.

Dada ana miaka arobaini na kitu. Bado kuna muda.

Jumapili moja nilimpigia simu. Iliita mpaka karibu ikatike. Alipopokea sikusikia salamu. Nilisikia pumzi ya mtu aliyekimbia kutoka shambani.

"Nani anaumwa?" akauliza.

Nilihitaji kunyamaza kidogo. Nilikuwa nimempigia, katika miaka ile yote, mama alipolazwa, shangazi alipofariki, na kaka alipoanguka.

"Shikamoo dada," nikasema. "Hakuna anayeumwa. Nataka kukuuliza habari za baiskeli."

"Baiskeli gani?"

"Ile Phoenix."

Kimya. Kuku walikuwa wanalia nyuma yake. Kisha akacheka, kicheko ambacho nilikuwa nimesahau kwamba ni cha mama kabisa, na akasema nisubiri, asogeze kigoda akae.